Mhariri, tuchapishieni saa za maji kujaa na kupwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hutupatia nyakati za sala, hali ya hewa, bei za sokoni na ratiba ya mpira. Ninachokuomba ni safu nyembamba ya mistari minne kwa siku: saa za maji kujaa na saa za maji kupwa katika pwani zetu. Mabaharia wanazo, bandari inazo, wavuvi wanazijua kwa kichwa. Asiyezijua ni yule anayezihitaji zaidi, baba au mama aliyeweka akiba miezi kadhaa ili awapeleke watoto Unguja wakapumzike siku moja ufukweni.

Mzazi huyo hufika Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, saa 5 asubuhi akakuta bahari imeondoka. Mbele yake kuna mchanga, majani na vidimbwi, na mbali huko, kilomita moja na zaidi, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia mwambani. Jua linakaribia utosini. Watoto wanataka kuogelea, kivuli hakuna, na gari la kurudi linaondoka alasiri. Anarudi kwao akiwaambia wenzake kwamba Zanzibar ni nzuri kwenye picha tu. Hana kosa. Hakuna aliyemwambia, na hakuna mahali pepesi pa kusoma.

Nieleze kwanza maji yanavyokwenda, kwa sababu siku nzima ya mapumziko inategemea hapo. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kidogo. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazomvuruga mgeni: maji yaliyojaa leo saa 9 mchana, kesho yatajaa karibu na saa 10. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyekwenda wiki iliyopita haufai tena wiki hii.

Kiasi cha maji nacho hubadilika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika bandari ya Unguja, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvu kubwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, tofauti hushuka hadi mita 1 hivi, na bahari haiendi mbali. Pwani ya mashariki ya Unguja sakafu yake ni tambarare kutoka ufukweni mpaka mwambani, kwa hiyo zile mita chache za kina zikiondoka huacha wazi uwanja mkubwa sana wa mchanga. Nungwi na Kendwa, kaskazini, ufukwe unateremka kwa kasi zaidi, na huko mtu huogelea karibu saa zote.

Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kukisia hata bila jedwali. Tarehe 1 na 2, na tena 15 na 16, ni siku za bamvu. Maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 6 mchana, na hujaa kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Tarehe 4 hadi 6, na 19 hadi 21, kupwa huangukia kati ya saa 7 na saa 9 mchana, na kujaa ni asubuhi mapema na usiku. Hizo ndizo siku mbaya kuliko zote kwa mtu wa matembezi ya siku moja upande wa mashariki, kwa sababu maji humkimbia tangu anapofika mpaka anapoondoka. Tarehe 7 hadi 9, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Hujaa kati ya saa 4 na nusu asubuhi na saa 7 mchana. Kisha tarehe 10 hadi 12, na 25 hadi 27, maji hupanda asubuhi nzima na kujaa kati ya saa 7 na saa 9 mchana.

Kwa familia inayotoka Mjini Zanzibar kwa daladala na kurudi siku hiyo hiyo, chaguo langu ni maji mafu, au zile siku mbili tatu zinazoyafuata. Maji ya kiuno hadi kifua yapo muda mrefu, mkondo ni dhaifu, na watoto wanaweza kuoga kabla ya chakula na baada yake. Bamvu linamfaa zaidi anayelala huko au mwenye usafiri wake, maana raha yake iko jioni: maji hurudi mchana yakipita juu ya mchanga uliopigwa na jua tangu asubuhi, yakifika ufukweni huwa ya uvuguvugu, na kuanzia saa 9 mpaka magharibi bahari imejaa pomoni.

Makisio hayo yana udhaifu wake. Mwezi ukionekana siku moja baadaye, hesabu nzima inasogea karibu saa moja, na saa moja ufukweni ni kitu kikubwa. Ndiyo sababu ninaomba jedwali lenyewe. Lakini jambo moja lishikwe hata kabla ya jedwali: bamvu na maji mafu hupishana kwa takriban wiki moja. Ikiwa Jumapili hii maji yatapwa saa 5 asubuhi, Jumapili ijayo wakati kama huo yatakuwa yamejaa. Walimu wa skuli wanaopanga safari za wanafunzi, na vikundi vya kina mama vinavyokodi gari miezi miwili kabla, wangeisogeza safari mbele au nyuma kwa wiki moja tu na siku yao ingekuwa nyingine kabisa.

Upepo nao uangaliwe. Wakati wa kusi, kati ya Mei na Septemba, pwani ya mashariki na kusini hupigwa na upepo wa moja kwa moja, majani ya bahari hulundikana ufukweni, na maji hupoa mpaka kama nyuzi 25. Anayetaka utulivu miezi hiyo aende upande wa magharibi, au Michamvi Kae, ambako ufukwe unatazama ghuba ya Chwaka na upepo hukingwa na rasi yenyewe. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji hupanda hadi nyuzi 29 au 30, na mawimbi huzidi upande wa kaskazini. Paje, kwa miezi mingi ya pepo hizo mbili, hujaa watu wanaovutwa na tiara kubwa juu ya maji. Kamba zao ni ndefu na hukaza ghafla, na mtu anayeoga kichwa kikiwa juu ya maji huwa haonekani vizuri kwa anayekuja kwa kasi. Usiogeshe watoto eneo lao. Tembea kuelekea kusini, upande wa Jambiani, mpaka uzipite tiara zote, ndipo mtandike jamvi.

Kuna kosa jingine ambalo wakala wengi wa safari wanalichochea, nalo ni kubandika mambo manne katika siku moja: shamba la viungo asubuhi, kima punju wa msitu wa Jozani kabla ya adhuhuri, chakula Paje, machweo Nungwi. Kutoka Paje hadi Nungwi ni kukivuka karibu kisiwa chote. Mgeni huyo hukaa ndani ya gari kuliko anavyokaa ufukweni, na bahari huiona kwa saa ambayo ratiba imeipanga, iwe imejaa au imepwa. Siku ya bahari inataka mahali pamoja tangu asubuhi. Ukikaa utaona rangi ya maji ikibadilika, utaona ngalawa zikitoka na kurudi, utalala, utaamka, utaoga tena. Jozani ipewe siku yake.

Vivyo hivyo kwa mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuja na kurudi siku hiyo hiyo. Boti huchukua kama saa 2, weka foleni ya bandarini kwenda na kurudi, weka saa moja na nusu au zaidi ya daladala mpaka pwani ya mashariki. Akifika ni karibu adhuhuri, na anatakiwa aanze kurudi. Kwa siku moja tu namshauri avuke hadi Mbudya kwa mashua kutoka Kunduchi, au Bongoyo kutoka Msasani, visiwa vilivyo ndani ya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam, apate siku tulivu bila mbio. Unguja ataijia akiwa na usiku mmoja wa kulala.

Anayetoka Mjini apande gari namba 309 kwa Jambiani, 324 kwa Bwejuu, 116 kwa Nungwi. Awe kituoni saa 12 na nusu asubuhi, kwa sababu gari haliondoki mpaka lijae, na hilo la kujaa hakuna awezaye kulipangia saa. Kabla ya kushuka amuulize konda gari la mwisho kurudi linapita saa ngapi, kisha atoe saa nzima katika jibu hilo. Jumapili na siku za sikukuu magari ya jioni huwa machache.

Ukifika, usitandike jamvi ulipoona mchanga laini. Tafuta kwanza mstari wa majani makavu na vijiti uliochorwa na maji: huo ndio mwisho wa maji ya mara iliyopita. Kaa juu yake hatua kadhaa. Siku zinazoelekea bamvu kaa juu zaidi, kwa sababu kila maji yanayokuja yanapita yale ya kabla yake. Kivuli kizuri ni cha mkungu, una majani mapana na hauachi tundu. Mvinje unapitisha jua lakini una ubaridi wake. Mnazi uache, hata kama ndio unaopendwa kwenye picha. Nazi kavu na kuti zito haviangalii aliyelala chini, na upepo wa alasiri ndio unaoviangusha. Kama hamna mti, mashuka mawili, fito nne na kamba vinatosha, ila fito zizikwe nusu mita mchangani na upande wa upepo uachwe wazi upite, la sivyo shuka hugeuka tanga na kuondoka na fito zake.

Sasa niseme juu ya kutembea kwenye maji yaliyopwa, maana hapo ndipo penye uzuri mwingi na hatari nyingi. Vidimbwi vya asubuhi ya bamvu vina viti vya pweza wekundu, wale viumbe wenye umbo la nyota, majongoo bahari, kaa, samaki wadogo walionasa mpaka maji yarudi. Mtoto anaweza kukaa mbele ya kidimbwi kimoja nusu saa bila kuchoka. Mruhusu aangalie, asitoe kitu. Kiti cha pweza hupumua ndani ya maji, na akinyanyuliwa apigwe picha akipokezanwa mikono mitano, mara nyingi hurudishwa akiwa anakufa. Konokono mwenye umbo la pia, mwenye michoro mizuri, asiokotwe kabisa akiwa hai. Baadhi yao huchoma kwa sumu kali.

Vaeni viatu vya plastiki vinavyofunga mguu. Ndara hubaki kwenye tope hatua ya tatu. Shokomzoba wenye miiba mirefu myeusi hukaa kwenye majani na pembezoni mwa mawe, na mwiba wake ukiingia hukatika humo humo. Usiuchimbe kwa sindano, utauvunja vipande zaidi na kuingiza uchafu. Vuta ile tu iliyochomoza, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo kiwiko cha mtu mzima kinaweza kuyavumilia, kwa nusu saa hadi saa moja. Wenyeji wengi hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ulioingia kwenye kiungo, au mguu unaovimba siku ya pili, upelekwe hospitali. Kwenye mchanga wa maji ya magoti buruta nyayo badala ya kunyanyua. Samaki taa aliyejifukia atasikia na kuondoka, lakini ukimkanyaga mgongoni atapiga kwa mwiba wa mkia. Anayechomwa na yavuyavu, yule mnyama laini kama ute anayeelea majini, asisuguliwe na mchanga wala asimwagiwe maji baridi ya mferejini. Aoshwe kwa maji ya bahari, nyuzi zilizobaki ziondolewe kwa kijiti.

Kisha kuna mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wanaolima ni wanawake. Ukiona vigingi vifupi vimepangwa safu na kamba zimevutwa kati yao, hapo ni shambani kwa mtu. Kila kipande cha mbegu, cha ukubwa wa ngumi hivi, kimefungwa kwenye kamba kwa fundo dogo la uzi, kimoja kimoja, mkulima akiwa ameinama au amekaa ndani ya maji. Wiki 6 baadaye huvunwa. Mguu ukipita juu ya kamba, mwani hukatika penye fundo, na uliokatika huchukuliwa na maji ya kwanza yanayorudi. Wageni hufikiri wanakanyaga majani ya bahari. Pita kwenye njia za mchanga zilizo wazi kati ya mashamba, na usimpige picha mkulima kabla ya kumsalimia na kumwomba. Naye ana saa zake chache za maji kupwa, azifanyie kazi.

Wanaotaka kwenda mpaka mwambani wanahitaji kanuni moja wasiivunje: mnageuka kurudi kabla ya saa ya kupwa kabisa au inapofika, hamsubiri kuona maji yakirudi. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti yote ya kina mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hurudi fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvu la mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30, ya pili 60, na saa ya tatu peke yake ni sentimita 90. Aliye mbali huitazama ile saa ya kwanza akaona bado maji ni ya vifundo vya miguu, akaendelea kuokota na kupiga picha. Wakati huo maji yanaingia kwa mifereji iliyo nyuma yake, kwa sababu sakafu karibu na ufukwe mahali pengi iko chini kuliko mwamba wenyewe. Anapogeuka, njia aliyojia mkavu ni maji ya kifua yenye mkondo. Nendeni na kijana wa kijiji anayeijua njia, mumlipe mliyokubaliana, na saa yake ya kugeuka iwe amri. Milango ya mwamba, pale mawimbi hayavunjiki na maji yana rangi iliyokoza, msiisogelee maji yakitoka. Mkondo wa pale humchukua hata muogeleaji hodari.

Juu ya jua nitasema machache, lakini yashikwe. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini sawasawa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba, na siku nyingine haliwi mbali. Upepo wa bahari hupoza ngozi na kumfanya mtu asijue kuwa anaungua, na mchanga mweupe humrudishia jua kutoka chini hata akiwa kivulini. Saa 5 hadi saa 9 ni za kukaa kivulini, kula na kulala. Ngozi nyeusi nayo huungua. Kwa wenye ualbino hili ni suala la uhai: mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana, mafuta ya kukinga jua yapakwe upya kila baada ya saa 2 na kila wanapotoka majini, na kuogelea kuwe kabla ya saa 4 au baada ya saa 10. Chagueni siku kwa ajili yao, maana siku ya maji kujaa mchana haiwafai.

Chukueni maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu mzima. Dafu ni zuri lakini halitoshi peke yake. Mtoto akianza kuumwa kichwa, kukosa nguvu na kukojoa mkojo wa rangi nzito, mpumzisheni kivulini na mumpe kidogo kidogo maji yaliyochanganywa hivi: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi hapo.

Katika chakula, kinachowaharibia watu siku ni wali wa nazi uliopikwa alfajiri, ukafunikwa moto moto na kubebwa ndani ya gari. Tui huchacha upesi, na wali uliokaa na joto kwa saa 4 au 5 unaweza kuumiza tumbo hata kama bado unanukia vizuri. Bebeni vikavu: muhogo wa kuchemsha, mkate wa kumimina, samaki aliyekaangwa mpaka akakauka, ndizi, machungwa, chai kwenye chupa. Kinachotaka kuliwa kimoto kiagizwe huko huko. Siku za bamvu wanaoshika pweza mwambani hurudi adhuhuri, na anayeongea na mpishi wa kijiji asubuhi anapofika atapata pweza wa siku hiyo. Mpeni saa 2 na zaidi. Pweza hupigwa kwanza mpaka alegee, huchemshwa kwa maji yake mwenyewe, kisha ndipo aingie kwenye tui au juu ya makaa; akiharakishwa huwa mgumu na mpishi hulaumiwa bure. Kubalianeni bei kabla, kwa sahani, na mtaje idadi ya walaji.

Katika fukwe zetu nyingi hakuna mwokoaji aliyekaa kutazama waogao. Kwa hiyo familia yenyewe imteue mtu mmoja mzima, asiyeshika simu, awe ndani ya maji karibu na watoto kiasi cha kuwafikia kwa mkono, na apokewe na mwingine baada ya nusu saa. Kundi la watu wazima kumi walioketi ufukweni kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia ndilo linalopoteza mtoto. Kina mama wanaoingia baharini na dera wafahamu kwamba likilowa huwa zito na hujisokota miguuni mara mtu anapoanguka. Suruali nyepesi ya kubana na fulana ndefu ya mikono huusitiri mwili vile vile na miguu hubaki huru. Mwenye dera asipite maji ya kiuno. Boya la kuchezea la mtoto lisichukuliwe kama kinga. Upepo wa kaskazi ukivuma kutoka nchi kavu upande wa kusini magharibi mwa kisiwa huweza kulisukuma nje kwa dakika chache.

Mnaotoka ufukweni kuingia kijijini, jifungeni kanga au kikoi, mabega na magoti yafunikwe. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa mbele za watu mchana. Kundi kubwa linalokuja na muziki na sufuria limpitie kwanza sheha, kiongozi wa eneo hilo, atawaonyesha sehemu isiyo karibu na msikiti wala diko la wavuvi. Taka zote zirudi Mjini mlikotoka; vijiji vingi havina gari la taka, na chupa iliyozikwa mchangani huibuliwa na bamvu linalofuata.

Sasa juu ya safu yenyewe, Mhariri. Kila siku iwe na mistari minne: kupwa, kujaa, kupwa, kujaa, kila mmoja ukiwa na saa na kina kwa mita. Saa ziandikwe kwa Kiswahili, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwa sababu majedwali mengi ya kwenye simu huhesabu saa 24 na watu hukosea kwa saa 6. Bandari ya Unguja ikitumika kama kituo itatosha kwa kisiwa chote, tofauti kati yake na pwani ya mashariki ni ya dakika na si ya saa. Wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanaweza kuongezewa mstari wao. Toleo la Alhamisi lichapishe siku zote za wiki inayofuata, ili mtu wa safari ya Jumamosi au Jumapili apate muda wa kubadilisha mpango. Na pembeni ya tarehe iwekwe alama ya mwezi, mwandamo, nusu au mpevu, msomaji ajue kama ni bamvu au maji mafu bila kuuliza.

Wako,
Mkaazi wa Kusini Unguja